Lipi la Kidonge, Lipi la Mwanangu

Binti yangu tunamwita Kimya. Jina hilo alipewa na baba yake tangu akiwa mchanga, maana alikuwa mtoto wa kuangalia tu, mpaka majirani wakawa wananiuliza kama kweli nina mtoto ndani. Kwa hiyo siku aliponirushia sahani ya viazi na kunifokea kwamba ni vichache, nilisimama jikoni mdomo wazi nikajiuliza huyu ni wa nani.

Alikuwa anatibiwa saratani ya damu. Nesi wa wodi ya watoto, mama wa makamo mwenye utani mwingi, alikuwa ametuonya mapema. Alisema vidonge vya steroidi vitamfanya ale kama mbeba zege, uso utavimba na hasira zitakuwa karibu. Akatuelekeza tumpe asubuhi akishakula, ili usiku apate usingizi, tupunguze chumvi kwenye chakula, na tumsukutulishe mdomo usije ukajaa vidonda. Yote hayo niliyashika. Ila hakuna aliyeniambia nitajuaje neno lipi ni la kidonge na lipi ni la mwanangu.

Maana kulikuwa na neno moja. Tulikuwa tumerudi kutoka kuchomwa sindano, nikainama kumvua viatu, akavuta mguu.

"Wewe sikutaki," akasema polepole, bila kufoka. "Nataka baba."

Sahani niliisamehe palepale. Hilo lilinichoma. Baba yake aliponiona nimenuna akasema ni dawa tu, nisijipe presha. Nikamwambia ni rahisi kusema hivyo kwa mtu anayetakiwa, tukanuniana mpaka kesho yake. Nikampigia nesi simu, akacheka kidogo akasema watoto hawa lazima wapate mtu wa kumchukia, vidonge vikiisha atarudi. Nikajikaza kisabuni. Lakini nikikaa kwenye cherehani akili haitulii, nikafikia hadi kumshonea mteja mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Mbona njaa ilimfanya apige kelele, na hili akalisema taratibu? Mbona hasira nyingine zilimwangukia yeyote aliyepita, hii ikanichagua mimi? Nilimtazama akitafuna mkate, mashavu yamemvimba, nikashindwa hata kuona sura niliyoizoea.

Vidonge vikaisha. Uso ukapungua, sahani zikaanza kurudi na chakula nusu, Kimya akawa Kimya tena. Siku moja nikiwa nampaka mafuta kichwani, ambako nywele zilikuwa zimekwisha zote, akaniomba msamaha mwenyewe. Aliomba kwa sahani, kwa kelele, na kwa kumwita baba yake mchoyo. Nikangoja. La kwangu halikuja.

"Na lile la kusema hunitaki?" nikamuuliza. "Lilikuwa dawa, eti?"

Akafikiri. Mimi moyoni naomba aseme ndiyo.

"Hapana. Lile lilikuwa mimi."

Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Nesi akinichoma, wewe ndiye unanishika, mama. Sasa nikilia namkimbilia nani?"

Nilimshika kila mara kwa sababu kila mama pale wodini alimshika wake, na nilidhani mikono yangu ndiyo inayompunguzia maumivu.

Kliniki iliyofuata nikamwomba nesi amwite mwenzake amshike. Akanitazama, kisha akamwita. Nikakaa kwenye kiti cha ukutani. Sindano ilipoingia Kimya akaanza kuniita, mama, mama, na mimi nikanyanyuka, nikakaa, nikanyanyuka tena. Sikuelewa kama ananiita nikamtoe pale au anahakikisha tu kwamba sijaondoka. Hakuna wa kumuuliza. Mwishowe nikakaa, nikaikalia mikono yangu miwili isije ikaenda yenyewe.

Pamba ilipobandikwa akashuka kitandani na machozi yake, akanijia, akapanda mapajani. Alilia mpaka bega langu likalowa. Nikalia naye, bila kujua kama nilikuwa nimemsaidia au nimemwacha peke yake.