Damu Iliyobaki

Mstari mwekundu ulianzia juu, karibu na dari, ukateremka kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani kama mtu anayeshuka mlima kwa tahadhari, ukafika chini na kutulia. Daktari Faith aliufuata kwa kijiti.

"Hizi ni siku ambazo watoto wenu walilazwa kwa maumivu," alisema. "Tazameni zilivyopungua."

Sikuzani hakuhitaji kijiti. Aliujua mstari ule kuliko aliyeuchora. Pale juu kabisa ndipo Shamimu, bintiye, alipokuwa na miaka sita, mifupa ikimuuma hata akawa analia bila sauti, kwa kuwa sauti nayo ilikuwa inauma. Pale ulipoinama ndipo kapsuli za kwanza zilipoingia nyumbani kwake, Mkotokuyana. Na pale chini, ulipolala kifudifudi, ndipo Shamimu alipokimbia mbio za shule akashika nafasi ya mwisho, na mama yake akapiga vigelegele hadi walimu wakadhani amekosea mtoto.

Walikuwa watu thelathini na mmoja katika ukumbi ule mjini Nachingwea, kila mmoja mzazi au mlezi wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao chembe za damu hupinda kama mundu na kuziba njia. Kwa miaka miwili na nusu watoto hao walikuwa wamemeza dawa na kutolewa damu kila mwezi, ili wataalamu wajue kama dawa ile inaweza kutolewa salama huku vijijini, mbali na hospitali kubwa. Leo wazazi walikuwa wameitwa kusikia jibu. Jibu lilikuwa ndiyo.

"Matokeo ni mazuri kupita tulivyotarajia," alisema Daktari. "Yatawasaidia watoto wengi, hata wa nchi za mbali. Kwa hiyo utafiti unafungwa mwisho wa mwezi huu. Leo kila mtoto atapata chupa yake ya mwisho."

Kwa hiyo. Sikuzani aliligeuzageuza neno hilo mdomoni kama punje ya mchanga ndani ya ugali. Dawa imefaa, kwa hiyo inaondoka. Ingeshindwa, ingeondoka vilevile.

Akainua mkono. "Daktari, mstari wako umeishia kwenye pindo la shuka. Baada ya hapo unakwenda wapi?"

Faith aligeuka kulitazama shuka, kana kwamba pindo lile lilikuwa limeota sasa hivi. "Baada ya hapo hatukupima, mama."

"Nyinyi hamtapima. Sisi tutauona."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Daktari alishusha kijiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa amepanda pikipiki hadi Kilimarondo wakati wa masika, matope magotini, kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye homa. Alieleza sasa kwa upole: fedha za utafiti zilikuwa za utafiti; dawa haijaingia kwenye orodha ya zahanati; taarifa itapelekwa wizarani, huenda mwaka mmoja, huenda miwili. Katika miji mikubwa kapsuli zinauzwa, lakini asimeze mtoto bila kupimwa damu, kwani kipimo kikizidi, dawa hiyohiyo humgeuka.

Kisha akagawa fomu. Kila mzazi atie saini kwamba amesomewa matokeo, na kwamba anaruhusu damu ya mtoto iliyobaki, iliyohifadhiwa kwenye majokofu Dar es Salaam, itumike katika tafiti nyingine kwa miaka kumi na mitano ijayo.

"Hilo la damu ni hiari," alisema. "Tunywe chai kwanza."

Nachingwea inaijua miradi. Babu yake Sikuzani alitandika reli ya karanga, enzi za wakoloni waliokuja na matrekta kuulisha ulimwengu. Miaka michache baadaye akaajiriwa tena, safari hii kuing'oa. Sikuzani mwenyewe, alipokuwa darasa la nne, alipangwa mstarini pamoja na wenzake, wakachomwa vidole na wageni waliovaa makoti meupe, wakapewa biskuti mbili mbili. Ladha ya biskuti aliikumbuka. Majibu hadi leo hayajafika. Wengine husahau, maisha yakaendelea. Yeye alikuwa hasahau. Waliomzunguka walikiita kinyongo. Yeye alikiita akiba.

Nje, chini ya paa la bati, wazazi walishika kikombe mkono mmoja, fomu mkono wa pili. Sikuzani hakukaa.

"Msitie saini," alisema.

"Umeanza," alijibu Hasani, mkulima wa Chunyu, upande wa Ruangwa, aliyekuwa akimlea mjukuu. "Mama Shamimu, mgeni akikuletea kitoweo, humuulizi mchuzi wa kesho. Mtaka yote hukosa yote."

"Mimi sitaki yote. Nataka kilekile."

"Chupa ya mwisho hawajatupa bado. Wakikasirika?"

"Hasani, mwaka ule bei ya korosho iliposomwa mnadani, nani alipanda juu ya gunia akasema hatuuzi?"

Watu wakaguna kwa kicheko. Wote walikuwa wakulima wa korosho na ufuta, wote walikuwa wamesimama katika minada ile ambamo bei husomwa hadharani na wenye mali huulizwa: mnauza, hamuuzi? Hasani alijaribu kuficha tabasamu kwenye kikombe.

"Ile ilikuwa korosho."

"Na hii damu ni nini? Mwenzako anaihitaji, iko ghalani kwake, na bila neno lako haigusi. Amesema mwenyewe ni hiari. Kitu cha hiari kina mlango."

Hasani alifikiri. "Ile siku tulishinda kwa sababu hakuna aliyeuza. Angetoka mmoja tu, wa pili angefuata, wa tatu asingeulizwa." Akanyoosha kidevu kuelekea bombani. "Na yule je? Yule hana korosho. Nenda kamweleze wewe, si mnapendana sana."

Kicheko cha safari hii kilikuwa na miiba. Bombani alikuwa Minza, akisuuza kikombe peke yake. Familia yake ilikuwa imekuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa miaka minne iliyopita, na mwanawe Richard, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa wa kwanza kuandikishwa katika utafiti. Mwaka jana ng'ombe waliingia katika shamba la ufuta la Sikuzani. Mpaka leo angeweza kukutajia siku, saa, idadi ya matuta, na kila neno lililosemwa kwenye baraza, ambako mume wa Minza aliapa kwamba ng'ombe hawakuwa wake. Tangu hapo wanawake wale wawili hawakuwa wamepeana hata habari za asubuhi.

Sikuzani alitembea hadi bombani. Hatua kumi na tano, na kila moja ilikuwa nzito kama ya mtu aliyebeba tenga la mihogo mibichi.

"Umeamkaje, Mama Richard?"

Minza hakugeuka. "Leo umepata sauti."

Maneno aliyokuwa ameyapanga, ya ghala na mnada na hiari, yaliyeyuka. Alimtazama mwanamke yule mgongoni, akaona jambo ambalo hakuwahi kulitazama: kumbukumbu yake mwenyewe ilikuwa ghala lenye mlango mmoja. Aliyotendewa yeye yaliingia yote, yakapangwa vizuri. Yaliyotendwa na wa kwake yalilala nje, yakanyeshewa.

"Yule ndama wenu aliyekatwa mguu," alisema. "Aliyemkata ni kaka yangu. Nilimwona akisafisha panga. Kwenye baraza niliulizwa, nikasema sijui."

Minza alifunga bomba. Alikigeuza kikombe kifudifudi juu ya ukuta mfupi, akakitengeneza vizuri kana kwamba kilikuwa na mahali pake.

"Alikaa siku mbili hajafa," alisema. "Richard alimpelekea maji kwenye kopo. Ndiye aliyempa jina." Akafuta mikono kwenye kanga. "Ng'ombe wa kwenye ufuta walikuwa wetu. Mume wangu aliapa uongo, na mimi nilikuwa nimekaa pale."

Hawakuombana radhi. Kulikuwa na kazi.

Sikuzani alieleza. Minza alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mkulima aliyekuwa ameliuliza. "Mkikataa bei, mkarudi nyumbani na mzigo wenu, mnakula nini?"

"Mihogo. Tunasubiri."

"Mwanangu hawezi kula mihogo badala ya kapsuli. Korosho inasubiri ghalani. Damu ya Richard haisubiri."

Kwa mara ya kwanza siku ile hasira ya Sikuzani ilifika mahali ikakuta hakuna daraja. Alimwona Shamimu, mikono imevimba, mdomo wazi bila sauti. Akasema kilichobaki.

"Ukitia saini, utapewa chupa moja. Usipotia, chupa ni hiyohiyo moja. Wameahidi kwa kila mtoto. Siwezi kukuahidi ya pili. Ninajua tu kwamba tukishatia saini, hatutakuwa na kitu cha kuwafanya watusikilize."

Minza alichukua fomu yake juu ya ukuta ule mfupi, akaikunja mara nne. Hakusema ndiyo wala hapana.

Ndani, orodha ilianza na wa kwanza kuandikishwa. "Mama yake Richard," aliita Daktari Faith. Minza alikwenda mezani kwa mwendo wake wa taratibu, akaikunjua fomu, akailaza mbele ya Daktari. Ilikuwa tupu.

"Wenzangu wa korosho wana neno lao," alisema. "Hatuuzi."

Daktari alitabasamu kwa mshangao. "Lakini hakuna anayenunua, mama."

"Basi mnachukua bure. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Aliyefuata alisema hatuuzi kwa sauti ndogo. Aliyemfuata akaisema kubwa. Lilipofika jina la Hasani, alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mimi kwenye korosho na kwenye damu ni mtu yuleyule," alisema, akakaa kwa mara ya mwisho.

Sikuzani alipofika mezani hakupaza sauti. "Daktari, hatuna ugomvi na elimu. Damu hiyo ikafundishe, ikaponye wa huko mbali. Lakini muda wote itakaokuwa ikifanya kazi kwenye majokofu yenu, wenye damu nao wapate dawa na vipimo, hapahapa, mpaka wizara itakapoipokea. Liandikwe hilo, tutatia saini leo. Lisipoandikwa, imwagwe."

Faith alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamechoka kuliko sauti yake. "Mama Shamimu, nitakwambia ukweli. Mwaka jana niliomba hilohilo. Nilijibiwa kwamba bajeti imefungwa."

"Uliomba peke yako."

Daktari alizipanga fomu zile tupu rundo moja. Kisha akachukua simu, akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona akitembea kwenda na kurudi, akisikiliza zaidi ya kusema, mara akisimama na kusema kwa mkono wote. Chai iliyobaki ilipoa. Hakuna aliyeondoka, hata wale wenye basi la mchana.

Aliporudi alikuwa ameishikilia simu kifuani, ingali hewani. "Mkuu wa utafiti hajakubali," alisema. "Hajakataa pia. Anataka kuzungumza na mwakilishi wenu mmoja. Amesema huyo aende pembeni, ofisini kwangu, pana utulivu."

Nyuso zote zilimgeukia Sikuzani. Alisikia joto tamu likimpanda, joto la kuchaguliwa, la mlango kufungwa nyuma yake na mkubwa kumwita mheshimiwa. Aliipokea simu. Ilikuwa ya moto kiganjani. Sauti ya mwanamume, ndogo na ya heshima, ilikuwa ikisema haloo, haloo.

Hakuiweka sikioni. Alizisogeza fomu, akailaza simu juu yake katikati ya meza, akamuuliza Faith kitufe cha sauti kubwa kiko wapi. Faith alisita, kisha akakibonyeza yeye mwenyewe. Viti vilivutwa.

"Tuko thelathini na mmoja," Sikuzani aliiambia simu. "Sema taratibu, wa nyuma nao wasikie."