Ukuta wa Roshani ya Nyuma

Jengo la bunge lilikuwa likikarabatiwa, na msanifu aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa ameshakata shauri: ukuta wa roshani ya nyuma hauguswi. Wakoloni ndio walioujenga, mrefu kumzidi mtu aliyeketi, ili wenyeji waliopanda huko kwa ngazi yao ya uani wasikie mjadala bila kuwaudhi wakubwa kwa sura zao. Mawe yake yalichongwa kwa ustadi, yakashikana hata wembe haupiti. Kwa msanifu, ule ulikuwa ushahidi.

"Tukiuvunja," aliiambia kamati ya ukarabati, "wajukuu watasema hayakutokea."

Kamati ikamwunga mkono. Basi kwa furaha akampeleka baba yake akauone. Mzee alikuwa fundi cherehani, mjini wakimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia, na enzi za ujana hakuwa akikosa kwenye roshani ile.

Ngazi ilikuwa nyembamba, yenye giza. Magoti yalimlalamikia mzee, lakini mkono wa bintiye aliukataa. "Niliipanda nikiwa na njaa. Itanishinda leo nimeshiba?"

Juu, wakaketi kwenye benchi, mzee akaukabili ukuta.

"Siku waliyopiga kura ya sisi kujitawala," alisema, "nilikuwa hapa na marehemu mama yako, hata hatujaoana. Zikalipuka kelele huko chini. Za furaha au za ugomvi, hatujui. Mama yako ananiuliza, 'Tumepata?' Namwambia, 'Sijui.' Siku kubwa kama ile, mwanangu, mimi natazama mawe!"

"Ndiyo maana nataka ubaki, baba. Watu wajue."

"Na atakayeketi hapa kesho, atatazama nini?"

Msanifu akamgeukia. "Na wewe ukishaondoka, nani atawasimulia?"

Mzee akajikuna kidevu. "Hapo umenibana," akakiri. "Lakini mimi nilitaka kuona tu."

Wakashuka bila kuafikiana. Siku kadhaa msanifu alichora na kufuta. Baba alisema kweli, naye mwenyewe hakuwa amekosea. Hilo ndilo lililomnyima raha. Mwisho akarudi kwenye kamati na mchoro mpya: ukuta ushushwe hadi kimo cha kiuno, ila ncha zake mbili za pembeni zibaki vilevile, ili mgeni aone kimo ulichofikia.

"Juzi ulituapia usiguswe," mwenyekiti alimkumbusha.

"Niliapa kabla sijakaa kwenye lile benchi," akajibu, akawaomba wakakae nao. Walikwenda wakinung'unika. Waliporudi, wakapitisha.

Bunge lilipofunguliwa upya, Sindano alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda. Aliinama mbele, akawakodolea macho wabunge.

"Yule wa koti la kijivu amelala!"

"Baba, polepole."

"Miaka yote hii nasubiri kuwaona, leo ninyamaze?"

Watu wa jirani wakacheka chinichini. Kisha ukaanza mjadala wa bei ya maji, naye akatulia, akimfuata kila msemaji kwa macho. Adhuhuri msanifu akamnong'oneza kwamba gari linasubiri nje.

"Liache lisubiri," mzee akasema, bila kugeuka. "Hawajapiga kura."

Msanifu akavua viatu vilivyokuwa vikimbana, akaegemea ukuta, akasikiliza naye.