Kengele ya Kwa Masila

Saa mbili na robo asubuhi Syombua alifika shuleni, akapangusa vumbi kwenye kigoda chake kwa mkono wa sweta, akakaa chini ya mlingoti wa bendera akitazama ukuta. Saa mbili na dakika ishirini, mdomo wake ukiwa umefungwa, kifua chake kililia. Ilikuwa sauti ya rimu ya lori ikigongwa kwa nondo, mara saba. Wanafunzi wakakimbilia gwaride. Mwalimu mkuu, Bwana Nzioka, akarekebisha saa yake ya mkononi, iliyokuwa nyuma kwa dakika mbili, akaenda kupandisha bendera. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mtoto wa miaka kumi na mmoja katika Shule ya Msingi ya Kwa Masila, karibu na Katangi, mwaka wa 2003.

Zamani rimu yenyewe ilikuwepo. Ilining'inia kwenye mgunga, na siku Syombua alipoanza darasa la kwanza iligongwa akiwa amesimama karibu nayo. Alianguka, akaziba masikio, akapiga mayowe mpaka akabebwa. Walimu walisema ni ujeuri. Kesho yake iligongwa tena, na safari hii sauti haikumfikia mtu mwingine yeyote. Iliingia kwake yote. Aliyeigonga alisema ni kama kupiga gunia la mahindi. Kwa miaka mitatu vipindi vilitangazwa kwa mdomo, darasa baada ya darasa, na Syombua aliadhibiwa mara kwa mara kwa kula kengele ya shule.

Mwaka wa 2001 walipita wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na rimu ikapotea. Jumatatu iliyofuata sauti ilianza kutoka kifuani mwa Syombua, kila mlio kwa saa yake, bila kukosea hata sekunde. Watu hawakushangaa sana. Kilichowashangaza kidogo ni kwamba mtoto yule, asiyemtazama mtu usoni wala kumpa mzee mkono, kumbe alikuwa na faida.

Bwana Nzioka alimjaribu kwanza akiwa ndani ya darasa. Chaki zilianguka, mtoto mmoja wa nyuma akajikojolea, na sokoni hakikusikika kitu. Basi Syombua akatolewa nje kwa muda, mpaka kengele nyingine ipatikane. Kengele nyingine haikutafutwa. Ya nini? Bartholomew Muigai, mwenye duka la jumla na mwenyekiti wa wazazi, alifungua duka kwa sauti ya Syombua. Zahanati iliwaita wagonjwa kwa sauti ya Syombua. Wanawake waliteremka kisimani kwa sauti hiyo hiyo. Januari ya 2003 masomo yalipofanywa kuwa bure, watoto walifurika kama nzige, na nafasi yake kwenye dawati ikakaliwa na wawili.

Mama yake, Kamene, alitaka kitu kimoja tu: mtoto arudi darasani. Alikuwa mwanamke aliyechoka. Alikwisha kuambiwa kwamba hakumlea vizuri, kwamba kuna kitu alikanyaga akiwa na mimba, kwamba afunge siku tatu. Waliokuja kumwombea mtoto na waliokuja kumtafutia mizizi wote walikula kuku wake, wakaenda zao. Na lazima isemwe, Kamene mwenyewe alikuwa akiipua sufuria ya isyo motoni, yale mahindi na maharagwe ya kila siku, kifua cha binti yake kilipolia ile ya kushusha bendera, saa kumi na mbili jioni. Isyo haikuungua hata siku moja.

Mwezi wa Mei alisikia kwamba kuna daktari wa watoto anayekuja Machakos mjini mara moja kwa mwezi. Akampeleka. Siku hiyo Kwa Masila walisoma somo moja la Kiswahili kuanzia asubuhi hadi saa saba, maana hakuna aliyejua kama limekwisha.

Daktari Warigia alikuwa ameweka kipimo kifuani pa Syombua ilipogonga saa tano. Alikivua masikioni taratibu, akaketi kidogo, akajisugua masikio, akaandika.

"Hii ya kengele sitaitibu," alisema. "Sauti imeingia ikakosa mahali pa kwenda. Niambie hayo mengine, mama."

Kamene akayaeleza. Kwamba anapanga ndengu kwa ukubwa. Kwamba ugali ukigusana na mboga hali. Kwamba ukimwambia twende sokoni na msiende, analia siku mbili. Kwamba susu yake, mama mzaa Kamene, alikufa akiwa na kinyongo kwa sababu mjukuu hakumsalimia kwa mkono hata mara moja. Daktari akamwuliza Syombua mwenyewe maswali kwa muda mrefu, na Syombua akayajibu yote akiutazama mguu wa meza. Kisha akaambiwa angoje nje kwenye benchi.

"Yuko na kitu inaitwa Asperger," daktari alisema. "Si laana, na si wewe umemharibu. Alizaliwa hivi na atazeeka hivi. Anasikia zaidi yetu, na uso wa mtu haumwambii kitu. Lakini akili iko, tena nyingi."

"Dawa yake?"

"Dawa hakuna. Akae ndani na wenzake, karibu na dirisha. Aambiwe mapema kile kinakuja. Na asichapwe."

Akayaandika hayo yote kwenye barua, akapiga muhuri. Kamene aliifunga barua ndani ya leso, akaikumbatia njia nzima hadi nyumbani.

Kumwambia mtoto kulimchukua siku nne. Siku ya tano walikuwa wamekaa uani wakichagua mawe kwenye ndengu, ungo ukiwa katikati yao, na Kamene akayasema kama alivyoyasikia. Syombua alisikiliza huku akitenga mawe madogo na makubwa.

"Kuna wengine?" aliuliza.

"Daktari anasema wako."

"Wangapi?"

"Hakuniambia, mwanangu. Wengi."

"Nao wamekalishwa nje?"

Kamene alisema hajui. Syombua akatenga mawe mengine matatu, akamwita mama yake kwa Kikamba. "Mwaitu, mimi nilikuwa nafikiri kuna kitu nilikosea siku ya kwanza, nikasahau ni nini," alisema. "Nimekuwa nikikitafuta. Sasa nimefurahi." Alisema amefurahi kwa sauti ile ile ya kusema maji yameisha mtungini, lakini Kamene alimjua, na alijua ni kweli. Alitamani kumkumbatia. Hakumkumbatia, kwa sababu hakuwa amemwambia mapema.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Ijumaa moja ya Julai, saa nane. Asubuhi yake Kamene alimwita binti yake.

"Leo ile ya saa kumi, unaweza kuizuia kidogo? Dakika kumi tu, nimalize kusoma barua."

"Saa kumi na dakika kumi si saa kumi," Syombua alisema.

"Najua. Jaribu tu."

Mambo yalikuwa mengi: choo cha walimu, unga wa uji, mbuzi wa watu kula miche ya shule. La Kamene liliwekwa mwisho, kama ilivyo desturi kwa mambo ya mtu mmoja. Ilipofika zamu yake zilibaki dakika chache. Alisimama, akafungua leso, akaanza kusoma polepole, maana daktari aliandika kwa Kiingereza na ilibidi kila sentensi aieleze. Alieleza kwamba si laana. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Alieleza kwamba akili iko. Bartholomew Muigai akasema hilo wanalijua, mtoto ni baraka ya soko zima. Pale chini ya mlingoti Syombua alikuwa amekibana kifua kwa mikono miwili, uso umekuwa wa majivu, machozi yanamtoka. Kamene akavuta pumzi asome sentensi ya tatu, ile ya kukaa ndani na wenzake.

Saa kumi ikalia.

Mkutano mzima ukasimama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ilikuwa kengele ya kwenda nyumbani, na kwa miaka miwili miili yao ilikwisha kuzoea kuinuka ikilia. Wanawake walishika mitungi, wanaume wakachukua kofia zao, na hata Bwana Nzioka alijikuta ameshafunga ofisi, funguo mkononi. Walipokumbuka kwamba mtu alikuwa akisoma walikuwa wamefika langoni.

"Tumalizie muhula ujao, mama," Muigai alisema. "Kengele imeshalia."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muhula uliofuata jambo hilo liliwekwa mwisho tena, na uliofuata huo pia, na kengele ililia kwa wakati wake. Barua ikachakaa kwenye mikunjo.

"Nilijaribu," Syombua alimwambia mama yake siku ile ya mkutano wa kwanza.

"Niliona," Kamene alisema.

Novemba 2005 wenzake walifanya mtihani wa darasa la nane. Yeye hakuandikishwa, kwani huwezi kumwandikisha mtoto ambaye hajakaa darasani miaka minne. Msimamizi aliyeletwa kutoka mbali aliuliza kengele iko wapi. Akaonyeshwa. Akaweka alama kwenye fomu yake kwamba ipo. Saa mbili na nusu Syombua alilia, wakaanza hesabu; saa nne na nusu akalia, wakaweka kalamu chini. Karatasi moja ya maswali ilipeperuka uwanjani. Syombua aliiokota, akaimaliza palepale kigodani. Mwalimu wa hesabu aliisahihisha akiwa amesimama. Syombua alikosa swali moja. Mwalimu akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kunywa chai.

Jioni Kamene alikuwa jikoni akichochea moto. Syombua aliingia, akaweka viatu vyake sambamba na ukuta.

"Imekuwaje leo?"

"Nimelia kwa wakati. Hakuna mtu ameibiwa hata dakika moja." Akanyoosha kamba za viatu. "Mwaitu, wale wengine kama mimi. Leo wamefanya mtihani?"

Kamene alisukuma kuni ndani. Aliangalia moto, akaangalia barua iliyochomekwa juu, kati ya mti na bati, imekuwa nyeusi kwa moshi. Kifua cha binti yake kikalia saa kumi na mbili angali akiitazama. Akainuka, akaipua sufuria ya isyo.