Mvuto wa Tatu

Daktari Simran alikuwa na hamu ya kuachwa peke yake. Alikuwa amesomea kuzibua mishipa ya ubongo kwa miaka, India kisha hapa Nakuru, na bado kila aliposhika waya wa kuvutia damu iliyoganda, msimamizi wake, Daktari Kimaiyo, alisimama nyuma ya bega lake kama mama mkwe jikoni. Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya mtihani. Akifaulu, angeanza kutibu bila msimamizi. Baba yake, Harjit, mwenye duka la vitambaa mjini, alikuwa ameshaagiza ladu, vile vitamu vya Kihindi, za kugawia majirani wote wa Milimani. Mzee huyo subira hakupewa.

Kimaiyo alikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi waliicheka akiwa mbali. Hakuuliza utaingia vipi. Kabla hujagusa chochote, ulisema kwa sauti, manesi wakisikia, utaacha wakati gani.

Mgonjwa alikuwa Milcah, fundi wa cherehani kutoka mtaa wa Rhonda, aliyeanguka akimimina chai. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno hayatoki. Picha zilionyesha damu iliyoganda imeziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Mumewe, Weldon, alisimama mlangoni na kiatu kimoja cha mkewe mkononi.

"Daktari, huyu ni fundi," alisema. "Huo mkono ndio kazi yake. Please."

"Tutajaribu, mzee."

Ndani, Kimaiyo akauliza, "Utaacha lini?"

"Nikivuta mara tatu. Ama mshipa ukianza kubana."

"Sawa. Anza."

Simran akapitisha mrija, waya ukiwa ndani yake, kwenye mshipa wa paja, akaupandisha pole pole, macho kwenye skrini, hadi shingoni, hadi kichwani. Mvuto wa kwanza haukuleta kitu. Wa pili ulileta donge dogo jeusi, na mshipa mkubwa ukajaa damu tena. Mguu wa Milcah ukasogea, nesi akasema "Asante Yesu" kwa sauti ya chini. Lakini tawi moja dogo, lile la kulisha sehemu inayoongoza mkono, lilibaki limeziba.

Akavuta mara ya tatu. Donge halikutoka, na mshipa ukaanza kubana kuzunguka waya.

Alitaka sana kuendelea. Vidole vilimwambia donge limelegea, bado kidogo tu. Aliufikiria ule mkono juu ya cherehani. Alizifikiria pia ladu za baba yake, na akajichukia kwa hilo. Akamtazama Kimaiyo, naye alikuwa anapangusa miwani bila haraka yoyote, hana habari na mtu.

Simran akatoa waya.

"Nimeacha," akasema.

Walipokuwa wakinawa mikono, Kimaiyo akamwambia, "Kuanzia kesho sitakuwa hapa nyuma yako."

"Lakini sikumaliza kazi, Daktari."

"Ulifanya kile ulisema utafanya, na ulikuwa unataka kufanya kingine. Hiyo tu ndiyo nilikuwa nangojea." Akajifuta mikono. "Sasa enda umwambie mumewe."

"Si twende wote?"

Kimaiyo akatikisa kichwa. Simran alisubiri furaha imjie pale kwenye sinki, lakini haikuja.

Weldon alikuwa kwenye benchi la korido. Nje, gari la kampeni lilipita likipiga kelele, na wote wawili wakangoja lipite.

"Ataongea?" Weldon akauliza.

"Naamini ataongea. Na atatembea, akifanya mazoezi."

"Na mkono?"

"Mkono sijui. Huenda usirudi vizuri. Kuna mshipa mdogo umebaki umeziba."

"Hukuweza kuufikia?"

Jibu rahisi lilikuwa limeshatengenezwa. Kilichobaki ni Simran kulikubali tu kwa kichwa. Hakuna ambaye angejua.

"Niliufikia," akasema. "Niliacha. Ningevuta tena ungeweza kupasuka, na angekufa pale mezani."

Weldon akakiweka kiatu chini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hivyo ni wewe uliamua."

"Ni mimi."

Simran alidhani atafokewa, na moyoni alikubali kufokewa. Weldon akasimama.

"Akiamka, usiniachie mimi nimwambie," alisema. "Utamwambia wewe. Mkono ni wake."

Simran akaenda wodini, akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda cha Milcah, akamngojea aamke.