Mgonjwa wa Tano

Kila Alhamisi, kabla ya kuanza kazi, mpima macho alisimama mbele ya mabenchi ya kliniki akawasomea watu visa vya wagonjwa wake. Majina aliyaondoa, mitaa aliificha, hata kazi zao alizibadilisha, watu wajifunze kutunza macho bila mtu kuaibika. Wapi! Walichojifunza ni kubahatisha. Aliposoma habari za Mgonjwa wa Pili, aliyevaa miwani ya marehemu mumewe miaka sita, benchi zima lilimgeukia muuza mkaa, ambaye maskini wa Mungu hakuwa na miwani wala hakuwahi kufiwa na mume.

Bingwa wa kubahatisha alikuwa baba wa mpima macho mwenyewe, fundi cherehani, ambaye hakukosa benchi la mbele.

Na baba huyo alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kuliwa uwezo wa kuona pembeni, la kulia lilikuwa njiani. Matone ya kila jioni yangeokoa kilichobaki, lakini aliyatumia wiki mbili akaacha, kwa hoja kwamba jicho haliumi na mtu hatibu kisichouma. Binti alimsihi, akamnunia, akamwita shangazi amseme. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Basi Alhamisi hiyo, kwa kuchoka kabisa, alimwandika. Mgonjwa wa Tano akawa fundi saa, anayegonga watu kwa bega la kushoto kisha anawalaumu kwamba hawana adabu, na dawa ameifungia kabatini akingoja jicho liume.

“Haliumi,” alisoma, sauti ikipanda. “Linakufa kimya kimya, na kilichokufa hakirudi.”

Baba alicheka mpaka akajifuta machozi.

“Mzee mpumbavu huyo,” alisema. “Kwani hana watoto wa kumwambia?”

Mabenchi yote yalimgeukia yeye. Wote walikuwa wamekwisha kubahatisha, na mara hii walipatia. Binti alitamani kulitupa faili dirishani.

“Ana binti mmoja, baba. Anamwambia mpaka amechoka.”

Mzee aliacha kujifuta machozi. Kisha akageuza shingo yote kushoto, akashtuka kumkuta jirani yake wa nyumba ya pili.

“Umefika saa ngapi wewe?”

“Nimekukuta hapa, fundi. Nikakuamkia, hukugeuka.”

Fundi hakucheka tena. Akamwuliza binti yake matone yale huwekwa mangapi.