Kinga ya Mama

Mama alipofariki, tulikubaliana kwamba mhusika wake kwenye mchezo wetu wa kuigiza vita vya hadithi kwa dadu asife. Kila Jumamosi tulikaa kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, tukarusha dadu, na yule kikongwe wake mbishi mwenye rungu, Bi Kishindo, akaendelea kupigana. Zamu yake tulimchezea sote kwa pamoja. Tukiwa naye pale, ilikuwa kama mama ametoka kidogo tu.

Kaka yetu, fundi saa, ndiye mwamuzi wa mchezo. Anajua kila kitu, au ndivyo anavyojiona. Jumamosi iliyopita zimwi lilitutokea pangoni. Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, anacheza mganga. Alikuwa amemfunika Bi Kishindo kwa kinga ya uganga, na kinga ile hudumu mradi mganga ameishikilia akilini. Zimwi likanguruma. Kitinda akarusha dadu, ikaangukia moja, namba mbaya kuliko zote, mganga wake akaingiwa na hofu.

"Kinga imevunjika," kaka akasema.

"Kuogopa si kuzimia, kaka," nikabisha.

"Mwenye hofu hashiki kitu. Nimeshaamua."

Mama mwenyewe ndiye aliyepiga marufuku kufungua kitabu cha kanuni katikati ya vita, na uamuzi ukishatolewa haurudi nyuma. Tukaendelea kucheza. Kucha za zimwi zikashuka, Bi Kishindo akafa. Nililia bila aibu, mtu mzima mimi, kwa ajili ya kibibi cha kwenye karatasi.

Vita vilipokwisha nilikifungua kitabu kwa hasira. Hofu humzuia mtu kumsogelea anayemwogopa, tena humharibia shabaha. Basi. Kinga humponyoka akizimia, au akipigwa bumbuwazi hata asiweze kutenda lolote. Nilimsomea kaka kwa sauti, polepole, ili imwingie.

Nilitegemea abishe. Akavua miwani.

"Nilipokuwa nakuja hospitali kumwona mama," akasema, "nilikuwa nafika getini, miguu inakataa. Narudi nyumbani. Nikawadanganya kwamba kazi zimenibana. Nilidhani hofu ikishakuingia ndiyo basi tena. Nilidhani watu wote wako hivyo."

Hasira ikaniishia, nikabaki na huruma nisiyojua niiweke wapi.

Kitinda alikuwa akikusanya dadu. Yeye ndiye aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda cha mama mpaka mwisho.

"Mimi niliogopa kila siku, kaka," alisema. "Nilikuwa nimemshika tu mkono."