Karatasi ya Mgeuzi

Kila Jumapili alasiri fundi friji alilaza friji moja mbovu katikati ya karakana, akatandika kitambaa juu yake, na meza ya mchezo ikawa tayari. Wachezaji walikuwa watatu: yeye, muuguzi na dereva wa lori. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyesimulia safari, akacheza upande wa maadui, na kulinda sheria kama anasimamia mtihani. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake wa kubuni, sifa zake zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi, na dadu ndiyo iliyoamua mapigo. Moja ya sheria za Mwalimu: mhusika akifa, karatasi yake inachanwa palepale.

Mhusika wa fundi alikuwa mgeuzi, mama wa msituni awezaye kujigeuza mnyama. Dereva hakuwa na imani naye hata chembe.

"Fundi, nasema kila siku. Huyu mama alikuwa moto enzi zile tulipopigana na majambazi. Sasa hivi dubu wake anakwaruza tu. Akishakuwa dubu hasemi, hatibu mtu. Chukua mtu wa upanga, bwana."

"Hata hesabu zinasema hivyo," Mwalimu akaongeza.

Fundi alicheka tu. Angesema nini? Karatasi ile iliandikwa na mdogo wake wa kike, kwa penseli, akiwa kitandani, mwezi wake wa mwisho duniani, walipokuwa wakicheza wawili. Siku ya kwanza wenzake walipousifia mwandiko, fundi alisema ni wake, maana hakutaka kuonewa huruma. Uongo mdogo tu, na mwaka mzima sasa ulikuwa umemkaa kooni.

Siku hiyo walipambana na jitu la chuma. Shujaa wa dereva alirushwa nje ya lango. Wa muuguzi alianguka, hajiwezi. Dubu akabaki peke yake, na mara tatu kucha zake zikaparuza chuma bure.

"Haziingii," alisema Mwalimu.

Jitu likapiga. Uhai wa dubu ukaisha, mgeuzi akarudi kuwa mama wa watu, na nguvu zake chache.

"Zamu yako," Mwalimu alisema. "Unaweza kugeuka mbayuwayu upite dirishani. Au umtibu aliyelala."

"Kimbia tu, kaka," muuguzi alisema polepole. "Mimi nitaandika mwingine."

Fundi aliitazama karatasi. Roho ilimuuma. Lakini mdogo wake hakuwahi kumtoa mgeuzi vitani akiacha mtu chini, hata siku moja.

"Namtibu," alisema.

Shujaa wa muuguzi akainuka, akatoka mbio. Mwalimu akarusha dadu ya jitu, yenye nyuso ishirini, mbele ya macho ya wote. Ilibingirika juu ya kitambaa, ikatulia kwenye ishirini, pigo kubwa kuliko yote. Mgeuzi alikuwa amekufa.

"Kumbe mama alikuwa na faida," dereva alinong'ona.

Mwalimu alinyoosha mkono. Fundi alifungua kinywa. Angesema sasa, ingeonekana anatafuta kisingizio cha kukwepa sheria. Na huo mwandiko si alisema mwenyewe ni wake? Akakifunga, akaitoa karatasi.

Mwalimu aliichana mara mbili, vipande vinne, akavitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Dereva akamsogezea fundi karatasi nyeupe na penseli.

"Usihuzunike, Fundi. Mwandiko wako mzuri. Utaandika mwingine vilevile."

Fundi alishika penseli, asijue aanzie wapi.